Mwiny

Bi Mwanashamba aliweka cheti cha kuzaliwa cha mjukuu wake juu ya kaunta ya ofisi ya vizazi. "Mwanangu, marehemu mume wangu aliitwa Mwinyimkuu. Huyu Mwiny ni nani?"

Radhia, fundi wa kompyuta wa ofisi ile, alisoma: Tunu Mwanamkasi Athumani Mwiny. Akaliandika upya jina zima la mjukuu, akalituma kwenye seva, kompyuta kuu ya kuhifadhi majina, iliyokuwa chumba cha nyuma. Seva ikaandika herufi za mwanzo, ikatupa zilizobaki, kisha ikajibu: "Imehifadhiwa."

"Kumbe linatudanganya dude hili!" Radhia alisema, akaona haya.

Alishinda asubuhi nzima akiirekebisha. Nafasi isipotosha, seva iseme; ikiongezewa nafasi, imalizie herufi zilizobaki. Bi Mwanashamba alimngoja kwenye benchi, akimsimulia jinsi marehemu mumewe alivyokuwa akicheza ngoma kwa madaha.

Radhia akatuma tena. "Nafasi haitoshi," seva ikajibu.

"Haya! Leo umesema kweli!" Akapiga makofi, akaiongezea nafasi.

Cheti kipya kikatoka. Bi Mwanashamba akakisoma kwa sauti, kidole kikifuata kila herufi, na foleni nzima ikasogea kumsikiliza. Kidole kilipofika ukingoni mwa karatasi, kikashuka mstari wa pili, kikaendelea.