Kamba Moja Iliyobaki

Kabla hawajapanda ndege kwenda kuwasilisha utafiti wao kwenye kongamano, Mwalimu Mbonde alimwonya mwanafunzi wake, Tunu: "Hiyo kamba iache nyumbani. Wataalamu wa huko wanataka mita."

"Waliopima uwanja wetu wa kuchezea ni watoto, Mwalimu," Tunu alijibu, "na kipimo chao ndicho hiki."

Sasa, katika ukumbi wa ugenini, Tunu aliitoa mkobani: kamba ya kurukia iliyosokotwa kwa vipande vya khanga kuukuu. Akawaomba maprofesa wawili wa safu ya mbele waishike huku na huku.

"Uwanja wa mtaani kwetu ulikuwa na nyasi, urefu wake kamba arobaini," alisema. "Maduka yakajengwa, moja baada ya jingine. Mara ya mwisho watoto walipopima, ilibaki kamba moja. Ni nafasi hiyo hapo, kati yenu wawili."

Mbonde alijikuta amesimama, wala hakujua amesimama saa ngapi.

Profesa mmoja, mama mwenye mvi, aliitazama ile kamba mkononi mwake. Kisha, taratibu, akaanza kuizungusha. Mwenzake akamfuatisha.

Tunu akavua viatu.