Zamu ya Mama

"Nimechoka kuwa mgeni nyumbani kwangu," alisema Baba, nami nikashusha kalamu, maana sentensi ile ilikaa mdomoni mwake kama aliyezaliwa nayo.

Mwaka mzima nilikuwa nimeandika tamthilia mbili na filamu moja, na mtayarishaji alikuwa amezikataa zote. Filamu ndiyo iliyomchekesha. "Mume na mke wako wanaongea kama tangazo la sabuni," aliniambia. Ndiyo maana nikawaketisha wazazi wangu sebuleni, wanisomee kwa sauti maneno ya mume na mke wa filamu hiyo.

Mama aliangua kicheko. "Mzee, leo umeiva! Wakuchukue uigize mwenyewe."

"Sitanii, mama watoto. Nimeshapata chumba. Nahama."

Chumba? Nilipekua nakala yangu, sikukiona. Pengine nilikuwa nimewapa ile ya zamani, ambamo mume anaondoka, au ile ya juzi, ambamo anarudi. Nilikuwa nimeiandika upya mara nyingi hadi sikujua tena nani anamwacha nani.

"Baba, uko ukurasa gani?"

Nikainuka nimwonyeshe mstari.

Karatasi zake zilikuwa zimelala kifudifudi mapajani. Miwani, ambayo bila hiyo hawezi kusoma hata saa ya ukutani, ilikuwa imekunjwa ndani ya mfuko wa shati.

Mama alilamba kidole, akafunua ukurasa, akafunua na mwingine, bado anatabasamu.

"Mwanangu," aliniuliza, "hapa mimi namjibu nini?"