Mawe Yasiyoshiba

Mwalimu Nyamweya alitumbukia mtaroni akiwa ameshika kitabu cha nyimbo mkono mmoja na tochi iliyokufa mkono wa pili. Kulipopambazuka, kwaya yote ya Nyanchwa ilikuwa na habari. Waimbaji wa sauti ya nne walikuwa hata wameshamtungia mzaha.

Mzaha haukumuuma sana. Kilichomuuma ni kwamba huenda angelazimika kuiacha kwaya. Tangu mkewe afariki, mazoezi yale ya jioni ndiyo yaliyomtoa nyumbani, na njia ya kurudi bondeni ilikuwa na mashimo ambayo macho yake hayakuyaona tena.

Akateremka mjini Kisii, dukani kwa Ashok.

"Mawe haya ya kawaida yamenichosha," alisema, akiiweka tochi mezani na kuzitoa betri zake. "Hayamalizi wiki, na yakifa yanatoa maji na kuila tochi."

Ashok akatoa boksi chini ya meza. "Nimeletewa haya kutoka Nairobi, mwalimu. Ni mawe ya kuchaji. Yakiishiwa nguvu huyatupi. Unayarudisha kwenye umeme, yanaamka."

Kisha akampangia chaja tatu mezani. "Hii ndogo iache, ni ya mawe membamba, na tochi yako inakula manene. Chagua kati ya hizi mbili. Hii inajaza upesi, lakini inayachemsha mawe, hayatadumu. Hii nyingine ni mvivu. Inataka usiku mzima. Ila mawe yake yatakuzika."

Nyamweya alizipima mkononi moja moja, kama mtu anayenunua kuku. "Wimbo ukikimbizwa, sauti ya nne inabaki nyuma," alisema. "Nipe mvivu."

"Na umeme unao?"

Hapo mwalimu akakuna kidevu. Kwake hakukuwa na waya hata mmoja. Mtu pekee aliyemfahamu mwenye umeme karibu na kanisa alikuwa Dada Drusilla, mkunga mstaafu, mjane, aliyeongoza sauti ya kwanza na ambaye hakuwahi kumchekea mtu aliyekosea noti.

Drusilla aliipokea chaja mlangoni kama mtu anayepokea mtoto. "Niachie, mwalimu. Nitaichomeka mwenyewe. Pitia kesho."

Kesho yake Nyamweya alipita. Akakaribishwa chai na ndizi za kuchemsha, wakazungumza habari za kwaya, akaondoka na mawe yake. Kabla hajafika bondeni, tochi ilikuwa imefifia, ikawa kama jicho la paka mwenye usingizi.

Akayarudisha, uso umemwiva kwa haya.

"Labda hayajashiba," Drusilla alisema. "Mawe mapya ni kama watoto wachanga, hujui hamu yao. Yaache. Na wewe chukua taa yangu ya mafuta usije ukaanguka tena. Utanirudishia."

Ikawa hivyo mwezi mzima. Mara amepeleka mawe, mara amefuata mawe, mara amerudisha taa. Kila alipokwenda, redio ya Drusilla ilikuwa ikiimba kwa nguvu na pasi yake ikitoa mvuke juu ya gauni la Sabato, lakini mawe hayakushiba. Nyamweya alianza kukosa raha. Mjane wa watu anachemsha chai kila siku kwa sababu yake! Watu watasema nini? Akaapa kuumaliza usumbufu huo.

Akaichukua chaja na mawe yake, akarudi dukani. "Ashok, umeniuzia ugonjwa."

Ashok hakubisha. Aliichomeka ukutani nyuma ya meza, akamwambia arudi kesho. Mwalimu aliporudi na kuiwasha tochi, ilimulika duka lote mpaka kwenye rafu ya mwisho, mchana kweupe.

"Chaja ni nzima," Ashok alisema, akishangaa naye. "Huwa unachajia wapi?"

"Kwa Dada Drusilla, kule mlimani Nyanchwa."

Kusum, mke wa Ashok, alikuwa akikunja vitambaa. Akaacha. "Anaishi na nani, mwalimu?"

"Peke yake, mama. Ni mjane."

"Na chai anakupa?"

"Kila mara. Ni mtu mwenye huruma sana."

Kusum akajifunika mdomo kwa ncha ya sari. "Basi ni umeme wa kule mlimani, mwalimu. Ni dhaifu. Nenda ukauangalie mwenyewe."

Nyamweya aliona ushauri huo una akili. Mawe yalipokwisha tena, aliyapeleka kwa Drusilla kama kawaida, akaambiwa apitie Ijumaa. Yeye akaenda Alhamisi, jua likiwa bado juu.

Mlango ulikuwa wazi. Drusilla alisikika nyuma ya nyumba, akianika nguo na kuimba sauti ya kwanza peke yake. Nyamweya alibisha hodi kwa sauti ndogo, akaingia, akapiga magoti mbele ya chaja yake. Aligusa mawe. Baridi. Akaufuata waya kwa kidole mpaka ukutani.

Ulikuwa umechomekwa vizuri. Lakini swichi ilikuwa imezimwa.

Akaiwasha. Chaja ikaanza kunguruma taratibu. Alibaki amepiga magoti pale, akiukumbuka mwezi mzima, kikombe kwa kikombe.

Wimbo nje ukakoma. Nyayo zikakaribia.

Mwalimu Nyamweya akaizima swichi haraka, akarukia kiti, akakunja mikono.

"Umekuja mapema," alisema Drusilla mlangoni, beseni kiunoni. Macho yake yalikimbilia ukutani, kisha yakarudi. "Kuna shida?"

"Kubwa, dada," alisema Nyamweya. "Umeme wa mlima huu ni dhaifu sana. Nimeona itabidi niwe nakuja kila siku."