Skrini ya Boti ya Ambakisye

Siku hizo hakuna boti ya mizigo iliyong'oa nanga Ziwa Nyasa kabla skrini yake haijausoma mkono wa nahodha na kuridhika. Ambakisye na mkewe, Tusajigwe, walikwenda dukani Kyela kuchagua ya kwao.

Muuzaji aliimwagia skrini maji, kisha akaigonga kwa nyundo. "Hii haifi. Hata mkono wenye grisi inausoma. Shika usukani wake, mzee."

"Nataka ile ya vitufe," alisema Ambakisye.

"Zote zinasoma mkono."

"Shika tu, baba Lusekelo," Tusajigwe alimhimiza.

Akashika. Skrini ikawaka nyekundu: MAWIMBI MAKUBWA. USISAFIRI.

Muuzaji alicheka, maana walisimama kwenye sakafu ya saruji. Tusajigwe hakucheka. Alikumbuka mumewe anavyoshika kikombe cha chai kwa mikono miwili ili kisimwagike, akisingizia baridi.

"Imeanza lini?" alinong'ona.

"Usiniulize hapa."

Akautoa mkono wa mumewe taratibu, akaweka wake. Hakuwahi kuendesha boti maishani. Skrini ikageuka kijani: KARIBU, NAHODHA.

"Tunachukua hii," alimwambia muuzaji.

Nje, Ambakisye alisimama kando ya gari, akimsubiri mkewe aseme wanaelekea wapi.