Historia Moja ya Kikosi cha Mwewe

Kila rubani wa Kikosi cha Mwewe, kikosi cha ndege za kivita, alipostaafu alipelekwa kambini kusawazishwa kumbukumbu, ili historia ya kikosi iwe moja. Meja Lugendo alirudi nyumbani Ijumaa mchana, amenenepa kidogo, mchangamfu.

Mkewe, Nyamizi, alimpakulia ugali na mlenda, akamsikiliza akisimulia vita vya mpakani. Ndege sita zilipaa, sita zikatua.

"Na Nyamhanga je?" Nyamizi akauliza.

"Nyamhanga yupi, mama Shija?"

Nyamizi alidhani anataniwa. Nyamhanga ndiye aliyekuwa mpambe kwenye harusi yao. Ndege yake ilitunguliwa na kombora la wenzake wenyewe, na tangu siku hiyo Lugendo hakuweza kushika kikombe bila mkono kutetemeka. Sasa alikuwa anakata tonge kwa utulivu kabisa.

"Unalala vizuri siku hizi?"

"Nalala fofofo."

Nyamizi akaingia chumbani, akafunga mlango, akampigia simu Bhoke, mjane wa Nyamhanga.

"Shoga, mwenzangu amemsahau mumeo."

Bhoke akacheka. "Mume gani tena? Mimi sijawahi kuolewa."

Nyamizi alikata simu. Alipofungua mlango, Lugendo alikuwa amesimama pale pale, anatabasamu.

"Vaa vizuri, mke wangu," akasema kwa upole. "Gari la kambini linakuja. Wajane wameshamaliza; safari hii ni zamu ya wake."

Nyamizi akaitikia, akaanza kujifunga kanga taratibu, huku akilirudia jina la Nyamhanga kimoyomoyo.