Jina la Tamdrin

"Tulia," Lhatso alimwambia yaki aliyekuwa akimkamua, "Tamdrin anakuja." Alimwambia mbwa hivyo hivyo, kisha akauambia na moto. Jirani mmoja aliyejisahau akasema "yule mumeo" alilambwa kofi mbele ya watu.

"Ana jina! Litaje!"

"Tamdrin," jirani akasema, ameshika shavu.

Tulimwelewa, ingawa alituchosha. Kwetu jina la aliyekufa halitajwi. Ukilitaja, roho inasikia, inageuka nyuma, inaacha njia yake na kumfuata aliyeiita. Kwa hiyo anayeacha kutaja jina la mtu ameshamzika. Tamdrin alikuwa na siku nne hajaonekana, na mkewe hakutaka kambi nzima imzike kwa mdomo.

Tsekho, kaka mkubwa wa Tamdrin, alishinda porini siku zote hizo akimtafuta. Yeye ndiye aliyemwona mara ya mwisho, akipanda kuelekea malisho ya Rabgye kufuata yaki watatu waliopotea. Tsekho ni mtu mpole. Baba yao alipofariki, hema kubwa na mifugo vilibaki kwa Tamdrin, maana kitinda mimba ndiye anayekaa na wazazi. Tsekho aliondoka na yaki kumi na hema lenye viraka, na hakuna aliyemsikia akinung'unika.

Asubuhi ya siku ya tano alirudi, farasi wake akitokwa povu.

"Ni Rabgye," alisema. "Mdogo wangu aliingia kule, hakutoka."

Hakuna aliyeuliza zaidi. Sisi na watu wa Rabgye tumegombania yale majani tangu enzi za babu zetu, na Rabgye mwenyewe tunamchukia kwa moyo wote. Kufika saa sita mchana wanaume wetu thelathini walikuwa kando ya mto, bunduki zimejazwa. Walivuka watatu tu: Lhatso, Tsekho, na mtawa mzee aliyebeba kitabu kitakatifu. Rabgye angeapishwa. Akikataa, Lhatso angempiga risasi yeye mwenyewe, na sisi tungemalizia waliobaki.

Mbwa wa Rabgye walikuwa wamefungwa, na bado walitaka kukata minyororo. Mama yake alitoka na chai ya siagi. Lhatso aliipokea, akaimwaga chini miguuni pa bibi kizee yule. Tusi kubwa kuliko hilo sisi hatuna.

Rabgye alitoka akifunga mkanda wa joho lake, mikono mitupu. Nyuma yake, kwenye mlango wa hema, walichungulia watoto sita.

"Nani kafa mpaka mje na msafara?" aliuliza.

"Tamdrin yuko wapi?" Lhatso alikuwa ameshamwelekezea mtutu.

"Tamdrin? Mimi ndiye mchungaji wa Tamdrin? Labda kakukimbia. Kwa mdomo huo, hata mimi ningekukimbia."

"Apa."

"Siapi mbele ya wezi wa majani."

"Unaogopa kitabu."

"Nikuogope wewe, niogope na kitabu?" Rabgye alitema mate pembeni. Kisha akawatazama watoto wake, akatazama ng'ambo ya mto walikokaa wanaume thelathini, na uso ukabadilika. Alipiga magoti. Mtawa akamwekea kitabu kichwani.

"Mimi Rabgye," alisema kwa sauti iliyofika mpaka kwetu, "sijamgusa Tamdrin. Tamdrin hajakanyaga hapa tangu theluji ilipoyeyuka. Nikimwona huyo Tamdrin nitamng'oa meno kwa maneno aliyonitukana mwaka jana. Kama naongopa, mifugo yangu yote ife na mimi nikifa nizaliwe tena mbwa."

Lhatso hakushusha bunduki. Alimchukia mno kumwamini, na kidole chake hakikutoka kwenye kifyatulio.

"Haya, nimemaliza." Rabgye alisimama, akajipangusa magoti. "Sasa mshtaki naye. Au kwenu sheria ni ya upande mmoja?"

"Ndivyo ilivyo," mtawa alisema. "Aliyemshtaki mwenzake naye huapa."

Tsekho alishuka kwenye farasi bila ubishi, akapiga magoti, akainamisha kichwa.

"Mimi Tsekho, naapa mdogo wangu aliingia malisho haya, hakutoka."

"Mdogo wako yupi?" Rabgye alicheka. "Unao wawili. Yule mtawa kule monasteri pia nimemla? Taja jina, bwana! Kitabu hakimjui mdogo wako."

"Anajulikana," Tsekho alisema.

"Litaje tu, mwanangu," mtawa alisema. "Kiapo hakishiki bila jina."

"Mdogo wangu. Mtoto wa mwisho wa baba yangu."

"Hilo si jina."

Mbwa walikuwa wamenyamaza. Tsekho alifumbua mdomo, akaufumba. Upepo ulitikisa kamba za hema naye akageuka haraka kutazama nyuma, kule kwenye bonde tupu, jasho likimtiririka kwenye baridi ile.

"Tamdrin," Rabgye alimsaidia, taratibu, kama anayemfundisha mtoto kusema. "Si rahisi? Tamdrin."

"Usimwite!" Tsekho alipiga kelele, mikono yote miwili masikioni.

Lhatso alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akaushusha mtutu kutoka kifuani mwa Rabgye.

"Shemeji," aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya upole kuliko siku zote tano, "umemlaza wapi?"