Chupa za Kituo cha Nne

Abel Neeposh alikaza kizibo cha chupa ya maji ya kupimwa maabara, kisha akaandika ubavuni mwake jina la mahali ambapo hakuwa amekanyaga mwezi huo: Kituo cha Nne, mtoni chini ya mgodi. Tarehe aliiandika sahihi. Angalau hiyo ilikuwa kweli.

Ilikuwa Februari, na hiyo ilikuwa chupa ya tatu ya uongo. Vituo vingine vitatu vilikuwa kando ya barabara, na maji yake aliyachota kwa haki. Cha Nne kilitaka safari ya nusu siku kwa pikipiki ya theluji juu ya mto ulioganda, na mto huo ulikuwa umemtia adabu mwezi Novemba. Barafu ilipasuka, pikipiki ikazama, yeye akatambaa kwa viwiko hadi ukingoni. Tangu hapo kila akiitazama barafu miguu ilikataa. Mtu wa miaka sitini na moja, Mkrii, mtu wa kabila la wawindaji wa nchi za barafu, aliyezaliwa hemani, angemwambia nani kwamba anaogopa mto?

Basi akawa anajaza chupa ya Kituo cha Nne kwenye chemchemi iliyo nyuma ya nyumba yake, ambayo haigandi hata baridi iwe kali vipi. Wenyeji waliyadharau maji ya bomba kwa harufu yake ya dawa, wakaja hapo na ndoo zao kuchota ya chai, kama walivyofanya babu zao. Chemchemi ile haikuwahi kupimwa. Nani hupima maziwa ya mama yake? Abel alijiambia kwamba kama ni kudanganya, bora adanganye kwa maji mazuri.

Lakini usingizi ulimpaa. Huko karibu na Kituo cha Nne ziliishi familia tisa zilizokunywa maji ya mto huo, nazo zilingoja chupa zake ziwaambie kama mgodi unawadhuru. Moja ilikuwa ya binti yake Daisy, mwenye mimba ya kwanza.

Wiki ile ile ya chupa ya kwanza, mwezi Desemba, alimpigia simu mkwewe amlete Daisy akae kwake mpaka ajifungue. Kijana alimleta juu ya barafu ile ile, wala hakuona ajabu. Abel alisema tu kwamba nyumba ina upweke tangu mama yake Daisy afariki. Majirani walicheka.

"Abel, mwache basi mtoto azae mwenyewe," walimtania.

Naye alicheka nao huku moyo ukimsuta. Wake alikuwa amemwokoa. Familia nane alikuwa amezitupa, na kila mwezi alizitupa tena, kwa kalamu.

Majibu ya majira yote ya baridi husomwa kwa pamoja mwezi Mei, kabla watu hawajafunga shule na ofisi kwenda kuwinda bata bukini. Siku hiyo ukumbi ulijaa. Bibi Fournier, mtaalamu wa maabara, alipanda jukwaani na karatasi zake. Mwakilishi wa kampuni ya mgodi alikaa mstari wa mbele, amekunja nne. Abel alikaa nyuma pembeni mwa Daisy, ambaye tumbo lake lilikuwa limefika magotini. Abel alikuwa ameazimia: kabla hawajaambiwa kwamba maji ya chini ni salama, atasimama aseme ukweli, hata kama hatasalimiwa tena na mtu mpaka afe.

Kituo cha Kwanza, salama. Cha Pili, salama. Cha Tatu, salama. Abel akasimama.

"Kabla hujasoma hicho cha Nne, mama, mimi nina neno."

"Utapewa nafasi, Mzee Abel," alisema chifu wa kijiji. "Tumsikilize kwanza."

Bibi Fournier alivua miwani. Alisema Kituo cha Nne kina aseniki mara tisa ya kiwango kinachoruhusiwa, chupa zote tano, toka Desemba hadi Aprili. Alisema ni sumu itokayo kwenye mwamba wenye dhahabu, haina rangi, haina harufu wala ladha, na hakuna inayemdhuru zaidi ya mtoto aliye tumboni.

Mwakilishi wa kampuni alikunjua miguu, akaanza kuandika kitu kwenye simu yake. Mzee mmoja wa zile familia za kule chini aligeuka, macho yamelowa, akamshika Abel mkono kwa mikono yake miwili.

"Kila mwezi umevuka barafu ile kwa ajili yetu," alisema. "Sema neno lako sasa, ndugu yangu. Tunakusikiliza."

Watu wote waligeuka kumtazama. Abel alimtazama Daisy na tumbo lake. Kisha akarudi kitini kama gunia.

Daisy aliuchukua mkono wa baba yake akauweka juu ya tumbo lake. Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja.

"Ulijuaje, baba?" alimnong'oneza. "Tangu Desemba sijaonja hata tone la mto. Ni chemchemi yako tu, asubuhi na jioni."